Simu Hiyo ni ya Nani?

Hotuba niliyoitoa Jumamosi mbele ya walimu wa Kiswahili, wazazi na wanafunzi wa uzamili hapa Kampala. Nimeiandika karibu kama nilivyoisema. Nimeondoa kikohozi, na utani mmoja ambao haukumchekesha mtu.

Mheshimiwa mwenyekiti, wakuu wa idara mlioketi mbele, walimu wenzangu, wazazi mliokubali kuja ilhali mtaani kuna arusi mbili, na ninyi wanafunzi wa uzamili ambao, kama kawaida yenu, mmejazana nyuma karibu na mlango: hamjambo.

Kwenye shughuli kama hii watu huambiwa wazime simu. Mimi nasema ziacheni. Ila kila mmoja aitoe yake mfukoni, aishike, na ajijibu kimoyomoyo. Simu hiyo ni ya nani? Nani mwingine ameigusa tangu jana jioni? Na uliichaji wapi? Naona mnacheka, maana kwa wengi humu majibu ni mepesi: yangu, hakuna, kando ya kitanda. Yawekeni majibu hayo. Nitayadai baadaye.

Kadi ya mwaliko inasema nizungumzie "mchango wa teknolojia ya simu katika ufundishaji na ujifunzaji". Kichwa hicho ni kipana kama uwanja wa Kololo, na mimi nimepewa dakika arobaini. Nitakata kipande kimoja tu: namna sisi tunaojiita watafiti tunavyoichunguza simu katika elimu, na kwa nini naona tumekuwa tukiwauliza habari za simu watu wasiokuwa nayo.

Nianze na dhambi yangu mwenyewe, ili mtu asiseme nawasema wengine. Nilipokuwa naandika tasnifu ya uzamili, zaidi ya miaka kumi iliyopita, nilikwenda shule moja ya bweni, jina naliacha, nikiwa na hojaji 240 ndani ya boksi la maji ya chupa. Maswali yalikuwa ya kuweka alama ya vema. "Simu inaweza kunisaidia katika masomo." Nakubali sana, nakubali, sina hakika, sikubali, sikubali kabisa. Kipimo hicho cha ngazi tano tuliachiwa na Mmarekani Rensis Likert mwaka 1932, na sidhani kama kuna mgeni mwingine aliyepokewa vyuoni mwetu kwa mikono miwili kama yeye. Watoto walijaza kwa robo saa. Karibu wote walikubali sana. Nilifurahi mno, niliona tasnifu imejiandika yenyewe.

Nikiwa nakusanya karatasi, msichana mmoja wa kidato cha pili akainua mkono. Akauliza kwa adabu kabisa: "Mwalimu, sasa hizo simu mtatuletea lini?"

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu wa zamu akamkemea akae chini. Mimi nikajibu, kwa sauti ya kitaalamu, kwamba kazi yangu ni utafiti na wala sigawi simu. Nilipotoka ndipo nikaona karatasi iliyobandikwa juu ya mlango, sheria ya kwanza kabisa ya shule: mwanafunzi akikutwa na simu anarudi nyumbani wiki mbili na mzazi anaitwa. Nilikuwa nimepita chini ya karatasi ile mara mbili, kuingia na kutoka, nikiwauliza watoto wanaofukuzwa kwa kushika simu kama wanaona simu ina manufaa. Na tasnifu ilipita, mabibi na mabwana. Mtahini wa nje aliisifu.

Wanafunzi mlioko nyuma mnaijua nadharia iliyonifikisha pale, kwa kuwa nusu yenu mnaitumia sasa hivi. Ni ile ya Fred Davis ya mwaka 1989, kwamba mtu hukipokea chombo kipya akiona kina faida kwake na akiona hakimsumbui kukitumia. Sina ugomvi na Davis. Alikuwa akichunguza watu wa ofisini ambao programu ya kompyuta wameshawekewa mezani. Swali lililobaki ni kama wataitumia au wataiacha. Sisi tumeichukua nadharia ya mtu mwenye kompyuta mezani, tukaivisha mtoto asiye na meza. Ni kama kumwendea mwenye njaa na hojaji, umuulize kama anaona posho na maharage vina manufaa. Atakubali sana. Utaandika kwamba "utayari uko juu", utapendekeza utafiti zaidi ufanywe, na yeye atabaki na njaa yake.

Ndiyo maana rafu zetu zimejaa vipimo vya hamu. Akija mtu kuuliza mtoto alijua nini baada ya muhula ambacho hakukijua mwanzoni, tunamfungulia jedwali la asilimia.

Lakini nisiwaonee waliotutangulia. Pale Makerere, shahada za masafa zilianza mwaka 1991, na wengi waliozisoma walikuwa walimu wa wilayani, watu wenye vipindi asubuhi na shamba jioni. Ni kutokana na watu wa aina hiyo kwamba Paul Birevu Muyinda, mtafiti wa palepale, na wenzake walianza kuuliza jambo la maana: mwanafunzi aliye mbali na msimamizi wake wa utafiti anaweza kusaidiwaje kwa simu aliyonayo tayari? Chuo Kikuu cha Pretoria nacho, mwaka 2002, kiliwatumia SMS wanafunzi wake wa masafa, wengi wao walimu wa vijijini, kuwakumbusha usajili wa mitihani na tarehe za mihadhara. Hakuna aliyeita jambo hilo mapinduzi. Waliangalia kilichomo mfukoni mwa mtu, wakaanzia hapo. Mwaka huohuo wa 2002 wataalamu wa Ulaya walikuwa wamekusanyika Birmingham kwenye mkutano wao wa kwanza wa aina yake kuhusu kujifunza kwa vifaa vya mkononi, na kuanzia hapo uwanja huu ukapata majarida, maprofesa na, ole wetu, nadharia.

Sasa niwapeleke Bweyale.

Asiyepajua: ni mji ulioko wilaya ya Kiryandongo, barabara ya kwenda Gulu, na kando yake kuna makazi ya wakimbizi. Sokoni pale Mwacholi, Mwalur, Mkongomani na Msudan Kusini wanapatana bei ya nyanya kwa Kiswahili, tena bila kuuliza kama baraza la mawaziri limeshakipitisha. Ilikuwa Oktoba 2021. Mnakumbuka hali: shule zilifungwa Machi 2020, baadhi ya madarasa yakarudi, zikafungwa tena Juni 2021, na hazikufunguliwa kikamilifu hadi tarehe 10 Januari 2022. Wanafunzi wapatao milioni 15. Karibu miaka miwili. Hakuna nchi nyingine iliyowaweka watoto nyumbani muda mrefu hivyo.

Walimu wachache tuliokuwa tumekaa bure tulikuwa tunawapigia watoto simu kuwafundisha hesabu. Hatukuwa mradi wa mtu yeyote. Kila mmoja alikuwa na majina sita na muda wa maongezi wa kuungaunga. Mwenzangu mmoja wa Masindi alikuwa na mtoto wa darasa la tano ambaye hakumpata kwa wiki mbili. Akipiga saa nne asubuhi, baba anapokea: "Mwalimu, niko na abiria." Akipiga saa saba mchana, haipokelewi. Akipiga usiku, haipatikani, chaji imekwisha. Tukamwandika mtoto yule kwenye daftari letu kuwa "hana ushirikiano". Ndivyo tulivyoandika. Mtoto hakuwahi hata kujua kwamba kuna simu yake.

Wiki ya tatu baba mwenyewe ndiye aliyepata dawa. Alisema: "Mwalimu, mtoto atakuja stegini."

Nilikuwa Bweyale siku hiyo kwa msiba wa jamaa, nikaenda kukaa pale nione. Stegi yenyewe, yaani kituo cha bodaboda, ni mwembe, benchi la mbao mbili, na bodaboda kama nane zimeegemea kivulini. Simu ilikuwa katochi, ile ndogo ya vitufe yenye tochi, betri imefungwa kwa mpira wa kufungia noti, namba 5 na 8 zimefutika kwa kubonyezwa. Baba aliilaza juu ya kiti cha pikipiki, akaweka spika, akaizungushia kofia ya helmeti ili upepo usiingie. Mtoto akachuchumaa chini na kijiti.

Sauti ya mwenzangu ikatoka mle kwenye helmeti kama mtu aliye kisimani: "Gawanya 17 kwa 5."

Mtoto akachora miduara mitano mavumbini, akaanza kuweka nukta. Moja moja, kwa kuzunguka. Alipofika tatu kila mduara, nukta mbili zikabaki, akasita. Kijana mmoja wa boda aliyekuwa akijifanya hasikilizi akasema, "Weka ziwe elfu." Mtoto akamtazama. "Tumepata elfu kumi na saba, tuko watano. Kila mtu anachukua ngapi?" "Elfu tatu." "Haya, na elfu mbili?" Hapo stegi nzima ikaamka. Mmoja: "Za chai!" Mwingine: "Hapana, za mwenyekiti wa stegi!" Mzee mmoja akadai ziwekwe akiba ya mafuta, wakaanza kubishana kweli, maana nadhani kulikuwa na kisa cha nyuma. Kwenye simu mwalimu anapiga kelele, "Nani huyo anajibu? Nataka mtoto!"

Mtoto akainama kwenye helmeti. "Mwalimu, inabaki mbili. Inabaki kwa sababu haiwatoshi watu watano."

Kimya kidogo. Kisha: "Rudia." Akarudia, kwa sauti ya mtu anayetangaza nauli.

Halafu akaja mteja na gunia la mihogo anakwenda Karuma. Baba akamwangalia mteja, akamwangalia mwanawe, akachukua helmeti na simu ndani yake. Somo likaondoka na pikipiki. Nilitazama saa: dakika kumi na moja.

Nimefundisha mbinu za utafiti kwa miaka mingi, na sijawahi kuona hojaji yenye nafasi ya kuandika dakika zile kumi na moja. Angalieni yaliyokuwemo. Simu ilikuwa ya baba, na ni chombo chake cha kazi. Saa ya somo aliipanga abiria. Darasa lilikuwa wazi kwa kila mtu, na wale vijana wa boda, ambao katika tasnifu ningewaita "vikwazo vya mazingira", ndio walioielewesha baki kuliko kitabu chochote nilichowahi kuona.

Huku sisi tukiungaunga muda wa maongezi, kulikuwa na watu waliokuwa wakipima jambo lilelile kwa utaratibu. Botswana mwaka 2020, Noam Angrist, Peter Bergman na Moitshepi Matsheng walichukua familia zipatazo 4,500 wakazigawa kwa bahati nasibu. Kundi moja lilipata SMS ya wiki yenye mafumbo ya hesabu. La pili lilipata SMS hiyohiyo, kisha mwalimu akapiga simu ya dakika 15 hadi 20, mzazi akaweka spika. La tatu halikupata kitu. Hapakuwa na kishikwambi wala intaneti. Matokeo yalichapishwa mwaka 2022: waliopigiwa simu walijifunza kwa kiasi kinachopimika, na waliopata SMS peke yake hawakutofautiana kwa uhakika na wale ambao hawakupata kitu.

Jaribio likarudiwa katika nchi tano, India, Nepal, Ufilipino, Kenya na hapa kwetu Uganda, katika kaya zaidi ya 16,000. Safari hii simu iliinua matokeo ya hesabu kwa 0.30 hadi 0.35 ya mchepuko sanifu. Naona wazazi mmekunja uso, niseme kwa lugha ya stegi. Pangeni watoto mia kwenye foleni, anayejua hesabu zaidi awe mbele. Mtoto aliyekuwa nafasi ya 50 anasogea mpaka karibu ya 38. Hajawa wa kwanza, wala hatapewa kombe. Lakini amewapita kumi na wawili kwa simu ya kawaida, kwa dakika ishirini za wiki. Na walimu wa serikali walipopewa kazi hiyo waliifanya vizuri, jambo ambalo nalitaja kwa makusudi kwa kuwa kuna watu katika nchi hii wanaoamini kwamba mwalimu wa serikali hawezi kitu mpaka afuatwe na gari la mradi.

Siri ya simu ile haikuwa sauti tupu. Mwalimu alianza kwa kupima: kujumlisha unaweza? Kutoa je? Mtoto akikwama kwenye kuzidisha, somo linaanzia hapo, hata kama daftari la darasa lake limeshafika kwenye sehemu na desimali. Njia hii ya kumfuata mtoto pale alipo ilikomazwa na shirika la Pratham kule India miaka mingi kabla ya korona, tena bila simu. Kilichofanywa na simu ni kuleta mwalimu mmoja kwa mtoto mmoja, kitu ambacho darasa la watoto tisini halitaweza kamwe.

Kuna jaribio jingine nalipenda zaidi, na hili ni la watu wazima. Niger, mwaka 2009, vijiji 113. Jenny Aker na wenzake walifuatilia madarasa ya kisomo yaliyofundishwa kwa Kihausa na Kizarma. Vijiji vingine viliongezewa kitu kimoja: wanakisomo walifundishwa kutumia simu ya kawaida, simu moja watu watano. Hao wakawapita wenzao katika kusoma na hesabu. Sababu moja itawafurahisha wanauchumi: kule kutuma SMS kulikuwa rahisi kuliko kupiga. Anayejua kuandika anaokoa pesa yake kila siku. Nani atakuwa mvivu wa herufi hapo? Na angalieni lugha. SMS ile haikuandikwa kwa Kifaransa. Mama aliandika kwa lugha anayoiotea ndoto.

Peru nitapita haraka. Serikali iligawa kompyuta ndogo kwa watoto kwa wingi. Watafiti wakalinganisha shule zaidi ya 300, na mwaka 2012 wakaeleza kwamba alama za hesabu na lugha hazikusogea. Nikikutana na mtu anayetaka kuwanunulia watoto wa wilaya nzima vishikwambi, nampa karatasi hiyo asome kwanza, kisha aninunulie chai.

Marufuku ya simu pia niguse, kwa kuwa mwenyekiti ni mwalimu mkuu na amenitazama mara tatu. Tumeona simu zikipondwa kwa nyundo mbele ya wanafunzi waliopangwa mstarini, wengine wakishangilia. Utafiti unasemaje? Mwaka 2015 Louis-Philippe Beland na Richard Murphy walitazama shule 91 za Uingereza. Baada ya simu kupigwa marufuku, matokeo yalipanda, na waliofaidika ni wale waliokuwa dhaifu. Wanafunzi wenye nguvu hawakubadilika. Wenzao wa Sweden walipolirudia swali hilo mwaka 2020 hawakuona tofauti. Kwa hiyo mheshimiwa mwenyekiti, sheria yako inaweza kuwa nzuri, sina neno. Nyundo ndiyo sijaiona kwenye utafiti wowote. Na nina swali lililobaki: mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza mwaka 2020 unamwambia mtoto akatafute habari, afanye mradi, aje awasilishe. Akatafute wapi? Anakwenda kwa shangazi Jumapili, anapewa simu nusu saa, na hiyo nusu saa ndiyo utafiti wa mtoto. Ningependa mmoja wenu aandike tasnifu juu ya hiyo nusu saa ya shangazi.

Nimesema nitayadai majibu yenu ya mwanzo. Sasa nayadai.

Simu ni ya nani? Katika nyumba nyingi ninazozijua ni ya baba, au ya kaka anayefanya kazi mjini aliyeiacha. Msichana ndiye wa mwisho kuishika na wa kwanza kuulizwa alikuwa anampigia nani. Mtafiti akiandika "kaya ina simu", ameandika kweli isiyomsaidia binti yule hata kidogo.

Nani mwingine ameigusa? Simu ya nyumbani ina salio la mobile money, ina namba za wadeni, ina ujumbe wa kanisa na mambo mengine ya watu wazima. Unapompigia mtoto somo, umeingia chumbani mwa watu. Kamati zetu za maadili hutaka saini ya mzazi kwenye fomu, basi. Hawaulizi kama mwenye simu ndiye mzazi, wala kama namba ya mama itabaki kwenye kompyuta ya mtafiti miaka kumi.

Uliichaji wapi? Bweyale nililipa shilingi 500 kwenye kibanda, nikaacha simu kwa saa tatu pamoja na nyingine thelathini, kila moja na kipande cha plasta chenye jina. Gharama hizi ndogo ndizo zinazoamua. Wengi mnakumbuka Julai 2018 tulipoanza kulipa shilingi 200 kwa siku ili kuingia kwenye mitandao ya kijamii. Kodi hiyo ikaondolewa mwaka 2021, ikaja asilimia 12 juu ya data. Mwanafunzi wangu mmoja alikuwa na darasa zuri la WhatsApp, picha za ubaoni, sauti, kila kitu. Akaniletea grafu iliyoshuka kila katikati ya mwezi, akidai watoto wanachoka. Nikamwambia aitazame tarehe upya, kisha aulize wazazi hupata pesa lini.

Simu ya sauti ina jambo moja kubwa: hapa kwetu anayepokea halipi. Na anayetaka kupigiwa anajua la kufanya. Jonathan Donner alikwenda Rwanda akaandika mwaka 2007 juu ya kubipu, kwamba kuna kanuni kamili za nani anambipu nani, na kwamba mwenye uwezo ndiye anayetarajiwa kurudisha simu. Watu walimcheka mtafiti anayechunguza kubipu. Mimi naona ni miongoni mwa tafiti zenye akili zaidi katika uwanja huu, kwa kuwa alichunguza watu wanachofanya badala ya kile ambacho mtengenezaji wa simu alitarajia wafanye. Katika kikundi chetu mtoto aliyekwama alikuwa anabipu mara mbili. Hatukumfundisha.

Wenye makampuni ya programu za kufundishia nao wasitutishe. Ripoti ya UNESCO ya mwaka 2023 ilieleza kwamba Uingereza, nchi yenye kila aina ya maabara, ni asilimia 7 tu ya makampuni ya teknolojia ya elimu yaliyokuwa yamefanya majaribio ya kulinganisha makundi kwa bahati nasibu. Akija mtu na kishikwambi na tabasamu, muulizeni aliwalinganisha watoto wake na nani.

Namalizia na jambo letu, Kiswahili. Katika mtaala wa 2020 Kiswahili ni somo la lazima kidato cha kwanza na cha pili, na Julai 2022 baraza la mawaziri likaidhinisha kifundishwe kwa lazima. Sote tunajua kinachokosekana ni walimu. Kuna shule ambako somo limo kwenye ratiba na hakuna anayeingia darasani; kipindi kinapewa mtu wa michezo. Kiswahili huanzia sikioni. Mtoto wa Mbarara au Soroti hahitaji kuona picha ya embe kwenye kioo ili ajue kusema "maembe haya". Anahitaji mtu wa kumsemesha, akikosea amsahihishe, wacheke. Katochi inatosha.

Kwa hiyo tumepanga jaribio dogo, na ndiyo sababu halisi ya mimi kukubali mwaliko. Shule sita, watoto wa kidato cha kwanza ambao wazazi wao wamekubali. Tutawapima kwanza kwa mazungumzo, tutawagawa kwa bahati nasibu ya wazi mbele ya wazazi, nusu wapigiwe muhula huu, nusu muhula ujao, ili hakuna atakayeachwa. Dakika ishirini kwa wiki, wiki nane, kisha tunawapima wote tena na mtu asiyejua nani alipigiwa. Tukikuta hawajajifunza kitu, tutaandika hivyohivyo.

Fomu ziko kwa dada aliyekaa mlangoni. Swali la kwanza linasema: simu ni ya nani, na yuko nayo wapi saa ngapi? Mzazi akijibu "ni ya baba, yuko stegini mpaka saa kumi na mbili", mpangeni mtoto stegini. Nahitaji wapigaji kumi na nane, na mpaka sasa nina kumi na mmoja. Muda wa maongezi tutachangishana. Mwenyekiti ameshaahidi wake, nimesema hadharani asije akasahau. Wenye sauti za chini msijiandikishe, kuna upepo.